Tumbawe Lililopauka Halijafa: Juu ya Istilahi za Kuumia na Kupona kwa Matumbawe

Miongoni mwa nyaraka zinazomfikia mfasiri wa Serikali zimo nyingi zihusuzo hifadhi ya bahari: kanuni, matangazo ya vijiji, vitabu vya mafunzo kwa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, na masomo ya sayansi kwa shule za sekondari. Karibu zote hutaja matumbawe, na karibu zote husema kwamba yameharibika na yahitaji kusaidiwa yapone. Hapo ndipo kalamu ya mfasiri husita. Je, aandike kwamba matumbawe yamekufa, yamepauka, yamefifia, yamechuja, au yamebabuka? Je, yanaponywa, yanafufuliwa, yanaoteshwa au yanapandikizwa? Maneno yote hayo ni ya Kiswahili, wala hapana hata moja lililo geni. Kwa hiyo tatizo si uhaba wa msamiati, ni uteuzi. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba uteuzi huo si suala la urembo wa lugha tu, kwani katika pwani ya Kilwa na Lindi neno lililokosewa laweza kulipeleka tumbawe lililo hai katika tanuu la chokaa.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Mtu wa Kilwa akisema "tumbawe", mara nyingi ana maana ya jiwe: jiwe jepesi, lenye vitundu, litolewalo baharini likiwa bichi. Neno "bichi" hapa lina uzito wake. Mafundi wa kale walijua kwamba tumbawe ambalo bado lina maji ya bahari huchongeka kwa wepesi, na kwamba likikauka hukaza. Ndiyo maana wakalitumia kwa mihirabu, kwa mapambo ya milango, na kwa sehemu za mapaa zilizohitaji wepesi, huku kuta nene zikijengwa kwa mawe ya mwamba mkongwe yachimbwayo nchi kavu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanzwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, ni shahidi wa ufundi huo. Kadhalika Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alifika katika mji wake mwaka 1331. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Chokaa nayo, ya kuungia mawe na kupigia lipu, ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya biwi la magogo. Kazi hiyo ya kuchoma chokaa iliendelea katika mikoa ya Lindi na Mtwara hadi nyakati zetu, na matumbawe hai yalivunjwa kwa ajili yake.

Basi lugha ilirithi jicho la mwashi. Hatuna haki ya kuilaumu. Mwashi aliliona tumbawe mikononi mwake kila siku, na mwanasayansi hakuwapo. Lakini mfasiri wa leo asipokumbuka kwamba neno hili limebeba maana ya jiwe, atashangaa kuona maelezo yake mazuri juu ya "kupona" kwa matumbawe yakisomwa na kuachwa. Jiwe haliugui, na lisilougua haliponi.

Sayansi yatuambia kwamba tumbawe ni jamii ya wanyama wadogo sana walioshikamana. Kila mmoja huitwa polipi: ana mwili laini kama kifuko, mdomo mmoja, na minyiri midogo iliyouzunguka mdomo huo, mithili ya pweza aliyepunguzwa mpaka akalingana na kichwa cha pini. Chini yake polipi hujijengea kikombe cha mawe kwa madini ayatoayo katika maji ya bahari. Vikombe hivyo vikiungana na kurundikana miaka mingi ndivyo vifanyavyo lile jiwe tulijualo. Kwa hiyo sehemu iliyo hai ni ngozi nyembamba ya juu tu. Yote yaliyo chini yake ni nyumba. (Wako wafasiri wanaoandika "koloni la matumbawe". Sioni sababu ya kulirudisha neno hilo katika wilaya ambako Vita vya Maji Maji vilianzia mwaka 1905, hali neno "jamii" latosha.)

Ndani ya nyama ya polipi huishi mwani wa seli moja, usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea polipi; naye polipi huupa mwani makao na uchafu wake uwe mbolea. Rangi ya tumbawe, iwe ya kahawia, ya kijani au ya dhahabu, kwa sehemu kubwa yatokana na mwani huo. Jina lake la kisayansi ni refu na gumu kutamka, na kulitohoa hakumsaidii msomaji. Napendekeza tuuite "mwani mwenza", kwa kuwa wakazi wa Songosongo na wa pwani ya Lindi wanaujua mwani kwa kuulima, na neno "mwenza" laeleza ushirika wenyewe bila maelezo zaidi.

Hapa huzuka swali la sarufi ambalo waalimu huuliza mara kwa mara: ikiwa tumbawe ni mnyama, je, tuseme "tumbawe amepona"? Kiswahili hakikatai jambo la namna hiyo. Twasema "kifaru anakula" bila kujali umbo la jina, na mwalimu wa biolojia aweza kusema "kiti cha pweza anakula matumbawe", kama ilivyo kweli kwa yule kiti cha pweza mwenye miiba mingi anayeharibu miamba. Hata hivyo nashauri upatanisho wa zamani ubaki: tumbawe limepona, matumbawe yamepona. Sababu ni kwamba neno hili lataja jamii pamoja na nyumba yake, kama vile "kundi la mbuzi limerudi" ingawa mbuzi wenyewe "wamerudi". Polipi ndiye apewe upatanisho wa viumbe: polipi amejikunja, mapolipi wamefungua minyiri. Na pale mwandishi anapokusudia mali ya ujenzi, aandike "jiwe la tumbawe", ili asichanganywe na anayezungumzia kilicho hai.

Maneno ya jirani tuyapitie upesi. "Mwamba" ni mahali, yaani ule ukuta au uwanda wa baharini uliojengwa na matumbawe. "Mwamba wa matumbawe" huandikwa pale tu panapokuwa na hatari ya kudhaniwa mwamba wa mlimani. "Kipwa" ni sehemu itokezayo maji yakipwa. "Fungu" ni la mchanga. Ama "marijani", ni tumbawe jekundu la thamani lifanywalo shanga, na mfasiri anayeandika "miamba ya marijani" mbele ya Kilwa Masoko atakuwa amewaahidi watu utajiri usiokuwapo.

Sasa tuingie katika kiini cha mambo. Maji ya bahari yakizidi joto la kawaida la kilele cha msimu kwa kiasi cha nyuzi 1 ya sentigredi, na hali hiyo ikadumu majuma kadhaa, ushirika ule wa polipi na mwani mwenza huvunjika. Mwani hutoka. Nyama ya polipi, ambayo kwa asili haina rangi, hubaki kama kioo, na weupe wa nyumba iliyo chini huonekana kwa nje. Jambo hili lilitokea katika pwani yetu yote mwaka 1998, wakati wa joto la El Niño, na matumbawe mengi yakafa. Lilitokea tena mwaka 2016, na mwaka 2024 likaikumba tena Bahari ya Hindi ya magharibi pamoja na bahari nyingine duniani. Kwetu miezi ya hatari ni ile ya mwisho wa kaskazi, kabla kusi haijatulia na kuyapoza maji.

Tuliite nini? "Kuchuja" ni kwa nguo, na nguo iliyochuja hairudii rangi yake. "Kufifia" kwaeleza kupungua kidogo kidogo, kwa nuru au kwa sauti, wala hakuna ugonjwa ndani yake. "Kubabuka" ni kuungua kwa ngozi. Kuna joto humo, lakini kuna pia jeraha, na tumbawe tulizungumzialo halina jeraha. Limebaki "kupauka". Mtu wa pwani hupauka ngozi kwa chumvi na upepo, na kila mzazi ajua kwamba mtoto aliyepauka si maiti: huogeshwa, hupakwa mafuta ya nazi, akarejea hali yake. Neno hili limebeba mambo matatu tuyatakayo kwa pamoja, yaani weupe usio wa kawaida, dhiki ya mwili, na uwezekano wa kurudi. Ni nadra istilahi kukubaliana na jambo lake kiasi hicho. Napenda hasa kwamba wavuvi na watu wa hifadhi wamekwisha kulitumia. Kazi yetu ni kulithibitisha tu na kulinda mipaka yake.

Mipaka hiyo ndiyo yenye hatari. Tuseme kijiji kimeweka tangazo linalokataza kuvunja matumbawe hai, na halisemi neno juu ya yaliyokufa. Kisha tuseme mtumishi mmoja, akifasiri taarifa ya joto la bahari, ameandika kwamba "asilimia kubwa ya matumbawe ya eneo hili yamekufa na kuwa meupe", hali waraka wa asili ulisema yamepauka. Mchoma chokaa akisoma maneno hayo mawili pamoja hatakuwa amevunja sheria kwa nia mbaya. Atachukua mtalimbo na mtumbwi, ataenda kwenye mwamba mweupe, na atavunja kile alichoambiwa ni mawe matupu. Ilhali maji yakipoa mapema, tumbawe lililopauka huweza kupokea tena mwani mwenza na kurudisha rangi yake katika majuma au miezi. Mfasiri atakuwa amelitangaza limekufa kabla halijafa, na tangazo hilo ndilo litakaloliua.

Kwa hiyo afisa anayeandika taarifa ahitaji majina ya hatua, wala si jina moja la "kuharibika". Tumbawe lililopauka lina nyama. Ukilitazama kwa karibu ndani ya maji waona minyiri na vijidomo, vyeupe au vya kung'aa kama kioo. Likizidiwa, nyama hujitenga na jiwe na kutoka vipande vipande. Hatua hii tuiite "kubambuka", kama rangi ya ukuta ibambukavyo au gome la mti. Hapo mahali palipobambuka pamekufa, lakini sehemu nyingine ya tumbawe lile lile yaweza kuwa hai. Baada ya siku chache jiwe lililo wazi hushikwa na utando wa kijani au wa kahawia. Watu wa pwani wana neno "ukoga", la utando wa meno na wa vyombo, nami sijaona lililo bora kuliko hilo: tumbawe lililoota ukoga pote limekufa. Weupe si alama ya kifo. Ukoga ndio alama yake. Mwalimu akiwafundisha wanafunzi jambo hilo moja tu, atakuwa amefanya kazi kubwa.

Si joto pekee liumizalo. Katika pwani hii tumbawe huvunjwa na nanga, na miguu ya wachokoa pweza maji ya bamvua yakipwa, na juya la kigumi ambalo wavuvi wake hupiga miti chini ili kuwatisha samaki. Zaidi ya yote limevunjwa na baruti. Katika miaka ya 1990 wavuvi wa mikoa ya Lindi na Mtwara wenyewe waliungana katika chombo walichokiita Shirikisho ili kuupinga uvuvi huo, na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 yaukataza waziwazi. Mahali palipopigwa baruti hubaki vipande vilivyotapakaa, na nyaraka nyingi huviita vyote "vipande vya matumbawe". Hapa pana haja ya maneno mawili. Kipande kilichokufa, kinachoviringishwa na mawimbi, kiitwe "kifusi". Kipande kilichovunjika kikiwa bado na nyama chaweza kuishi, na mkulima wa muhogo amekwisha kutupa jina lake: "pingili". Pingili ya muhogo ikitupwa juani hukauka. Ikichomekwa ardhini huwa shina jipya. Pingili ya tumbawe nayo ikiachwa mchangani huzikwa, na ikishikizwa mahali pagumu huota na kuwa jamii kamili.

Jinsi ya kuisaidia ni rahisi kueleza, na mfasiri ataikuta katika miongozo mingi. Pingili hukusanywa bila kutolewa majini kwa muda mrefu. Sehemu iliyobambuka hukatwa, na mkato hupitishwa katika nyama iliyo nzima, ili ugonjwa usiendelee. Kisha hushikizwa imara kwa kamba, kwa saruji au kwa gundi ya majini, juu ya jiwe lisilotikisika, kwa kuwa pingili inayocheza husuguka na nyama yake haiwezi kulishika jiwe. Mahali pawe na mkondo wa kuondoa tope, na mwani wa nje uondolewe usije ukaisonga. Majaribio ya namna hii kwa matumbawe ya matawi yalifanywa Mafia, jirani kabisa na Kilwa, katika miaka ya 1990. Na huko Mkwiro, katika kisiwa cha Wasini kusini mwa pwani ya Kenya, pingili hulelewa kwanza baharini juu ya fremu kabla ya kupelekwa mwambani.

Mahali hapo pa kulelea tupaite "kitalu", neno ambalo kila mkulima wa korosho wa Lindi analijua. Kupeleka pingili mwambani ni "kupandikiza". Nimeona mahali pameandikwa "kubebesha", na hapo pana kosa. Mkorosho hubebeshwa, yaani kikonyo cha mti mmoja huunganishwa na shina hai la mwingine, na viwili hivyo vikawa mwili mmoja. Jiwe linaloshika pingili ya tumbawe halina uhai wa kuunganika nao. Ni kiwanja tu.

Istilahi hizi zitatumika pia mbali na bahari. Huko Ulaya na Marekani wako watu wengi wafugao matumbawe nyumbani katika matangi ya kioo, na miongozo yao ina maarifa ambayo mwalimu wa sayansi aweza kuyatumia. (Ni vema kusema "kufuga", kitenzi hicho peke yake kimemaliza ubishi kama tumbawe ni jiwe.) Mfugaji huweka joto la maji karibu na nyuzi 25, na chumvi kiasi cha gramu 35 katika kila kilo ya maji, na kanuni yake kuu ni kutobadili jambo lolote kwa ghafula. Tumbawe lililopauka huwekwa penye mwanga hafifu, kisha mwanga huongezwa kidogo kidogo siku baada ya siku. Kitendo hiki kiitwe "kuzoesha". Maji huendeshwa yapite juu yake bila kulipiga kwa nguvu mahali pamoja. Hulishwa vijidudu vya majini usiku, minyiri ikiwa imefunguka, kwani kwa kukosa mwani mwenza limekosa mkulima wake. Ili liweze kujenga jiwe upya huhitaji kalsiamu, na baadhi ya wafugaji huipata kwa kutia maji ya chokaa. Mtu wa Kilwa atacheka, na ana haki: chokaa iliyotoka katika tanuu inarudishwa majini kulijenga tumbawe. Ila msomaji asije akachukua pingili ufukweni akaipeleka sokoni. Biashara ya kimataifa ya matumbawe yote yajengayo mawe huhitaji kibali chini ya mkataba wa CITES.

Tumalizie na vitenzi vya mwisho. "Kupona" ni kwa tumbawe moja moja lililoumia na kurudia hali yake, na hatua yake ya kwanza ni nyama kuufunika tena mkato. "Kufufua", ambako kumeenea katika majina ya miradi, kusitumiwe kwa tumbawe, kwa maana kunadai kwamba limekwisha kufa, na tumbawe lililokufa halirudi. Kwaweza kutumiwa kwa mwamba, mahali ambapo jamii nyingi zimekufa na nyingine mpya zinaletwa. Mwamba ukiachwa ujirudie wenyewe bila kupandikizwa, tuseme "unarejea". Mojawapo ya njia za kuusaidia urejee ni ile wavuvi waitayo "kufunga mwamba", ambayo imetumika Songosongo na Pemba: kijiji hukubaliana kutovua pweza mahali fulani kwa miezi kadhaa, na kwa muda huo miguu na vyuma havigusi matumbawe. Usemi huo uchukuliwe kama ulivyo. Ofisi zinazoandika "usitishaji wa muda wa shughuli za uvunaji" zimetumia maneno saba pale ambapo wavuvi walitumia mawili.

Neno "kurejea" lahitaji kuandamana na muda kila liandikwapo. Tumbawe la matawi laweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka. Lile la mviringo, ambalo mafundi wa Kilwa walilipenda kwa mihirabu, huongezeka kiasi cha sentimita 1 tu. Jamii yenye kimo cha mtu mzima basi imekaa pale karne nzima na zaidi. Matumbawe mapya pia huanza kwa viluwiluwi, wanyama wachanga waeleao majini kwa siku au majuma mpaka wapate mahali pagumu pa kutua. Kiluwiluwi akitua juu ya kifusi, wimbi la kwanza la kusi hukipindua kile kifusi na yeye akafia chini yake. Ndiyo sababu mahali palipopigwa baruti hukaa miaka mingi pakiwa vile vile, hata bahari ikiwa imejaa viluwiluwi kutoka miamba ya jirani, na ndiyo sababu taarifa inayohesabu "vipande" bila kutenga kifusi na pingili haimwambii mkurugenzi wa wilaya kama mwamba wake uachwe au upandikizwe.